Nukta Isiyotetemeka

Shemeji yangu ni fundi wa majokofu. Mtaani wanamjua kwa hilo: friji haigandishi, aitwe; friji inanguruma kama trekta, aitwe. Lakini ukimuuliza mwenyewe, atakwambia majokofu ni kazi na redio ndiyo mapenzi. Ana redio za upepo, zile za kubonyeza kitufe ukaongea, ukakiachia, ukasikiliza. Leseni yake ya kuzitumia ameitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, pale ambapo watu wenye akili timamu hutundika picha ya harusi. Picha ya harusi iko chumbani, nyuma ya mlango. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, ameshaongea juu ya jambo hilo mpaka amechoka.

Kwa kuwa watu wa redio husema "ova" wanapomaliza zamu ya kuongea, na neno hilo liliwahi kumponyoka kwenye simu mbele ya wateja, mtaa mzima sasa unamwita Ova. Hata mimi namwita hivyo, ila nikiwa na shida naye ndipo namwita shemeji, kwa adabu zote.

Mimi ni msusi. Saluni yangu inatazamana na lango lao, barabara tu ndiyo iliyotutenga, kwa hiyo naona mambo yao yote, hata yale ambayo ningependa kutoyaona. Nilimwona alipopandisha mlingoti wa antena juu ya paa, mrefu kuliko nyumba yenyewe. Majirani wakaja juu. Mmoja alisema utatuvutia radi, mwingine akadai televisheni yake imeanza kukwaruza sauti. Ova hakubishana na mtu. Alichukua ngazi, akapanda kwa yule wa televisheni, akakuta waya wake mwenyewe umeoza, akamfungia mpya bila kuomba hata asante. Baada ya hapo mlingoti haukuwa na adui tena.

Sasa nimlete mama. Mama yetu, mimi na dada, alikuwa mpeleka barua. Maisha yake yote ya kazi aliyafanya kwa miguu, mfuko begani, nyumba hadi nyumba, jua na mvua. Hata alipostaafu hakujua kukaa. Asubuhi anakwenda, mchana anarudi kula, jioni anakwenda tena, na ukimuuliza anakwenda wapi anakujibu, "Natembea," kama vile umemuuliza swali la kijinga. Kisha akaanza kusahau. Kwanza majina, baadaye siku, halafu njia ya kurudi. Dada akamchukua akae kwake. Mimi chumba changu kiko juu ya saluni, ngazi zake zimesimama wima, na mama kwa umri ule asingeziweza.

Alipotea kwa mara ya kwanza, akarudishwa na muuza maziwa. Mara ya pili tulimkuta stendi ya mabasi akiwaelekeza abiria. Tulimpa simu, akaizima kwa sababu ilikuwa inampigia kelele. Tukampa nyingine, akamgawia mtu asiyemjua, eti alionekana ana shida kuliko yeye. Ya tatu tuliikuta ndani ya jagi la maji. Siku hiyo dada alirudi nyumbani na kufuli. Kufuli kubwa, jipya, bado liko kwenye pakiti yake. Akaliweka juu ya friji, mahali ambapo kila mtu angeliona.

"Akipotea tena," alisema, "hata mara moja, naliweka langoni. Na ufunguo nautia shingoni."

Dada yangu si mtu mbaya. Anauza mapazia, anatoka kwenda kupima madirisha ya watu, na kila dirisha alilopima roho yake ilikuwa juu juu akiwaza mama yuko wapi. Lakini sisi sote tulijua kufuli lile lingefanya nini. Mama ukimzuia asitoke anashika nondo za lango, anatazama nje, hali, hasemi. Tuliwahi kumfungia siku moja tu ya mvua kubwa, na jioni yake alikuwa amezeeka mbele ya macho yetu. Sikutaka kuiona sura ile tena.

"Nipe nafasi kidogo," Ova akamwambia mkewe. "Mama atatembea, na sisi tutajua alipo."

Akajifungia kwenye karakana yake, kile kibanda cha bati uani kilichojaa majokofu yaliyolala na yaliyosimama, na huko akatengeneza kile alichokuwa akikiota. Aliivua redio ndogo ya mkononi ganda lake, akaiunganisha na kipokezi cha GPS kinachotoshea kwenye kiganja, akavitia vyote ndani ya mkebe wa plastiki uliokuwa wa siagi. Nilipomwambia sielewi, alinieleza huku ameushika mkebe kama mtoto mchanga.

"Tazama, shemeji. Hii GPS inazisikiliza satelaiti, kwa hiyo inajua iko wapi. Lakini ni bubu, haiwezi kumwambia mtu. Redio ina mdomo, ila haijui iko wapi. Mimi nimewaozesha."

"Na mahari amepokea nani?" nikamuuliza.

Mkebe ule aliutia chini kabisa ya mkoba wa mama, kwa sababu mama anaweza kusahau viatu lakini mkoba hausahau. Kila baada ya dakika mbili hivi redio ilitoa mlio mfupi, krrrt, na ndani ya mlio huo mlikuwa na mahali alipo. Antena ya juu ya paa iliudaka, kompyuta kuukuu sebuleni ikaufasiri, na kwenye ramani ikatokea nukta nyekundu iliyoandikwa MAMA. Simu wala vocha havikuhitajika, na hata kule bondeni kwenye viwanda, ambako simu zetu hushika mtandao kwa kubembelezwa, nukta ilionekana.

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka. Nilishindwa. Nukta ilitoka langoni, ikapita kwa kinyozi, ikapanda hadi sokoni, ikazunguka shule, ikarudi kwa barabara nyingine. Mama alikuwa anapeleka barua zisizokuwepo, nyumba kwa nyumba, na sisi tulikuwa tumekaa tukimtazama. Ikichelewa mahali, Ova anakwenda kwa baiskeli, anajifanya wamekutana kwa bahati, wanarudi pamoja. Dada alianza kulala usingizi. Jambo moja tu lilimkera: nukta ilikuwa haitulii. Hata mama akiwa amekaa uani anachambua mboga, nukta inasogea kidogo huku, kidogo kule.

"Ndivyo GPS ilivyo," Ova alimwambia. "Inakisia. Ikisema hapa, ujue ni hapa au hatua chache pembeni. Usiijali."

Basi hatukuijali. Tukaizoea, na huko kuzoea ndiko kulikotaka kutuua.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Ova aliutoa mkebe mkobani ili abadilishe betri, akaufungua juu ya meza ya karakana. Alipomaliza alitaka kuhakikisha kwamba kompyuta inaupokea. Sasa, ndani ya kibanda cha bati GPS haioni satelaiti hata moja. Mtu mwingine angetoka nje na mkebe, akasubiri. Ova ana haraka za kifundi. Aliandika mahali pa nyumba kwa mkono, akaiamrisha redio itume hapo hapo alipoandika bila kuiuliza GPS. Krrrt. Akachungulia sebuleni, nukta ipo, nyumbani, safi. Kilichobaki ni kulifuta lile agizo.

Hapo ndipo simu ilipolia. Ni muuza nyama. Friza lake limezima, nyama yote inatoa maji, analalamika karibu kulia. Ova alifunga mkebe, akaurudisha mkobani kwa mama, akabeba mfuko wa vifaa, akaondoka mbio.

Mchana nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi, nusu kimesukwa, dada aliponipigia akiwa kazini.

"Mama yuko wapi?"

"Subiri." Nikavuka barabara na chanuo mkononi, nikachungulia dirisha lao la sebuleni, lililo kando ya barabara. "Yuko nyumbani. Nukta iko nyumbani."

"Haya. Mwambie ale, chakula kiko kwenye hotipoti."

Nikasukuma lango, nikamwita mama. Kimya. Kiti chake uani kilikuwa kitupu. Sikushtuka; nukta si inasema yupo? Nikatazama chooni, nikatazama jikoni, nikatazama vyumbani. Nikainama chini ya kitanda. Nikafungua kabati la nguo, mtu mzima mimi, nikapapasa katikati ya makoti nikiita, "Mama? Mama?" Kisha nikarudi kwenye kompyuta, na nukta ikanijibu vilevile: yupo nyumbani.

Nilimpigia dada, nikampigia Ova. Wote wawili walifika karibu pamoja, dada kwa bodaboda, Ova kwa baiskeli, mikono yake bado inanuka friza la nyama. Hakuna aliyefikiria kwenda barabarani. Tulianza upya vyumba vile vile. Tulikuwa na nukta, nukta ilikuwa haijawahi kutudanganya, kwa hiyo tulimtafuta mama ndani ya nyumba ambamo hakuwemo, na kila dakika tuliyoipoteza yeye alikuwa anakwenda mbali zaidi.

Kisha dada akasimama uani, akaitazama karakana, rangi ikamtoka.

"Majokofu," akasema.

Sitaki kuyakumbuka yale, lakini nitayasema. Mle kibandani mlikuwa na majokofu mengi, mengine mapana ya kutosha mtu kujikunja, na mengine ya zamani yale ambayo mlango ukijifunga haufunguki kwa ndani. Ova aliufungua mlango wa kwanza. Ndani tupu. Akafungua mwingine. Dada alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilifungua moja, nikaona kitu cheupe ndani. Ilikuwa trei ya mayai. Tulifungua yote. Hakuwemo, na sisi watatu tukabaki tumesimama katikati ya milango iliyo wazi, hatujui tushukuru au tulie.

Ova alirudi sebuleni. Akasimama mbele ya kompyuta, akaikodolea macho. Nilimfuata nikiwa na matusi tayari mdomoni.

"Haitetemeki," akasema.

"Nini?"

"Nukta. Itazame. Krrrt imeingia, haikusogea. Imeingia nyingine, haikusogea." Aligeuka, uso wake sijawahi kuuona vile. "Hiyo siyo GPS. Ni mimi. Niliandika kwa mkono asubuhi, sikufuta. Hicho kitu kitasema mama yuko nyumbani hata akiwa mwisho wa dunia."

Dada hakupiga kelele. Ningependelea angepiga. Alikwenda jikoni, tukasikia pakiti ikichanika, akarudi na kufuli, akaliweka mezani kando ya kompyuta.

"Mtafute mama yangu," akasema.

Ova alisimama hapo kama mtu aliyepigwa. Halafu kompyuta ikalia tena, krrrt, na nikamwona anainua kichwa.

"Inasema uongo," alisema polepole, "lakini inasema. Maana yake redio iko karibu vya kutosha tukaisikia. Shemeji, twende."

Alitoa chini ya kitanda kitu ambacho nilikuwa nimekiona siku nyingi nikakidhania takataka: bomba la plastiki lililofungwa vipande vya futi ya chuma, ile ya mafundi seremala inayojikunja. Ni antena. Yeye na wenzake wa redio huwa wanacheza mchezo, mmoja anaificha redio porini, wengine wanaisaka kwa masikio. Ukiielekeza antena upande sahihi mlio unakuja kwa nguvu, ukiikosea unafifia. Niliwahi kuuita mchezo wa kombolela wa wazee wenye vitambi. Sasa nilikuwa nyuma yake, nimevaa aproni ya saluni, natembea karibu kukimbia. Dada alibaki langoni, iwapo mama angerudi mwenyewe.

Kibaya ni kwamba redio ya mama haikuwa inalia mfululizo. Ilikuwa inalia, inanyamaza dakika mbili. Tunasimama kwenye njia panda, Ova anaelekeza antena juu sokoni, tunasubiri. Krrrt, dhaifu. Anageuza upande wa bondeni, tunasubiri tena. Kusubiri kule kulikuwa kunanikata maini. Vijana wa kibanda cha chipsi wakatuona.

"Mzee, unatafuta stesheni gani?"

"Televisheni ya kwako imekimbia?"

Niliwageukia nikawaambia la kuwaambia. Sitaliandika hapa. Walinyamaza, na mmoja wao aliposikia ni mama ndiye aliyepotea alisema alimwona bibi mwenye mkoba akishuka, muda kidogo. Tukashuka.

Bondeni kuna viwanda na maghala yenye kuta za bati, na huko mlio ukatuchezea. Ulikuja kwa nguvu kutoka kwenye ghala la saruji, tukalizunguka lote, hakuna mtu. Ova alijipiga paji la uso. "Bati linaurudisha. Tumefuata mwangwi." Tulikuwa tumepoteza muda mwingine, na barabara kuu ya malori iko nyuma tu ya hapo, nilikuwa naisikia inavyounguruma. Nilimwambia kwa sauti kuwa mama akipatwa na jambo sitamsamehe mpaka naingia kaburini. Akasema, "Najua."

Akaiweka chini ile antena. Akaikumbatia redio ya mkononi kifuani kwa mikono miwili na kuanza kujizungusha taratibu mahali alipo, hatua ndogo ndogo. Alinieleza baadaye kwamba mwili wa mtu unaziba mawimbi: ukimpa mgongo yule unayemtafuta, mlio unakufa. Mlio ulikuja, akasogea. Ukaja tena, akasogea. Kisha akageuka akatazama lile ghala la saruji, sauti ikafa kabisa kifuani mwake. Akatazama nyuma yake, nje ya uzio wa kiwanda cha mbao, na akaanza kukimbia.

Mama alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao kwenye kivuli cha ukuta, mkoba magotini, viatu amevivua na kuvipanga kando yake vizuri. Alikuwa mzima. Vumbi hadi magotini, lakini mzima. Ova alipomfikia alichuchumaa mbele yake, jasho linamtiririka, anahema, macho mekundu.

"Shikamoo mama," ndilo alilopata kusema.

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama kwa makini, kichwa upande. Hakumjua. Nilikuwa karibu, niliona kwamba hamjui kabisa. "Na wewe umepotea?"

"Ndiyo mama," akasema. "Nimepotea."

"Pole. Kaa hapa." Akasogeza viatu vyake ampishe nafasi. "Usizungukezunguke, utazidi kupotea. Kaa hapa na mimi, watu wako watakuja."

Akakaa. Mtu mzima na kitambi chake, akakaa kwenye mbao kando ya mama mkwe wake, na mama akampapasa mgongo. Nilipowasogelea mama alinyanyua macho.

"Huyu dada ni wa kwenu?"

"Ni shemeji yangu," Ova akasema.

"Unaona? Mmoja ameshafika." Akanitabasamia kama anavyotabasamiwa mgeni.

Nilimpa shikamoo yangu huku nikitazama pembeni. Mimi ndiye kitindamimba wake, alinibeba mgongoni kwenye zamu zake za barua. Iliniuma mno, na nikalia hapo hapo mbele ya wapasua mbao wa kiwandani, na mama akaniambia nisilie kwa kuwa ndugu yangu ameshapatikana.

Tulimrudisha kwa teksi. Dada alimshika mikono langoni, akamtazama miguu, akamwosha, akamketisha mezani na chai na mkate. Hapo ndipo Ova, ambaye hakuwa amekaa tangu tuingie, alipolichukua kufuli na kumsogezea mkewe.

"Lifunge," akasema. "Ulisema mara moja. Kosa ni langu, lakini mara moja ni mara moja. Nimeshindwa."

Dada alilishika, akalipima uzito mkononi. Mama alikuwa anachovya mkate kwenye chai, ametulia, mashavu yana rangi.

"Mama," dada akamuuliza, "leo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natembea." Akameza. "Kuna kijana nimemkuta huko, maskini, amepotea. Jasho, macho yamemtoka, hajui aende wapi. Nikakaa naye mpaka watu wake wakaja." Alitikisa kichwa kwa huruma, akachovya tena. "Sasa niambie. Ningekuwa nimekaa ndani, nani angemkuta?"

Ova aligeukia dirisha. Dada akalitia kufuli kwenye mfuko wa aproni yangu, zito, likanivuta upande mmoja.

"Hakuna, mama," akasema. "Asingekutwa na mtu."